NASAHA ZA SAFARI: Mwenyeji wa Jana, Mgeni wa Leo



Kila majira ya joto yanapokaribia, mazungumzo ya familia zetu hapa Schaerbeek hugeuka kuwa mazungumzo ya safari. Katika maduka ya Rue de Brabant masanduku makubwa hununuliwa, na wajomba na mashangazi hupigiwa simu. Wengi wetu safari hiyo ni ya Unguja na Pemba. Wako waliozaliwa huko. Wako watu wa Bujumbura, Bukavu na Mombasa waliooa au kuolewa huko. Na wako wanaotaka tu watoto wao waione Bahari ya Hindi na wakisikie Kiswahili kikisemwa na mvuvi na mwalimu sawasawa.

Mwezi huu tumeona vyema tuzungumze na wale wanaodhani kwamba hawahitaji nasaha. Mtalii wa Kibelgiji husoma kitabu cha mwongozo, humwona daktari, huuliza ubalozini. Sisi husema, “Twaenda nyumbani,” tukafunga mizigo. Lakini afisa wa uhamiaji hutazama pasipoti, hatazami ukoo. Na mbu hatazami chochote. Aliyekaa ugenini miaka kumi, na hasa mtoto aliyezaliwa hapa, ni mgeni mbele ya sheria na mbele ya maradhi, hata kama ni mwana mbele ya bibi yake.

1. Hati za safari

Kitambulisho cha mtoto kinachotolewa na manispaa hakimfikishi Zanzibar. Kila mtoto lazima awe na pasipoti yake. Pasipoti ya Ubelgiji ya mtoto hudumu miaka mitano, na ya mtu mzima miaka saba. Itazameni mapema: iwe na muda wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia. Msingoje wiki ya mwisho ya Juni, wakati foleni ya Place Colignon imekuwa ndefu. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto achukue barua ya idhini ya mzazi mwenzake, na saini yake ithibitishwe na manispaa.

Mwenye pasipoti ya Ubelgiji anahitaji viza ya Tanzania, ambayo kwa ziara ya kawaida ni dola 50. Iombeni katika tovuti rasmi ya Idara ya Uhamiaji, kwani ziko tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinazotoza zaidi. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni aingiaye Zanzibar hulazimika pia kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Raia wa Tanzania hawadaiwi bima hiyo. Lakini Mzanzibari aliyechukua uraia wa Ubelgiji hudaiwa, kwa kuwa sheria ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hili huwauma wengi kaunta ya uwanja wa ndege. Ni afadhali liwaume hapa, mkiwa bado na wakati wa kujiandaa.

Wasio na uraia wa Ubelgiji watazame kadi ya ukaazi kama itakuwa hai siku ya kurudi. Atakayekaa nje zaidi ya miezi mitatu ni wajibu wake kuiarifu manispaa kabla ya kuondoka. Na mwenye hadhi ya ukimbizi asikanyage nchi aliyoikimbia, hata kwa siku mbili za msiba, kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria. Hadhi hiyo yaweza kuondolewa.

2. Afya, na hasa homa

Hapa tunaomba msome polepole.

Ni kweli kwamba malaria imepungua sana Unguja na Pemba katika miaka ishirini iliyopita. Lakini wengi wetu hatuishii visiwani. Hupitia Dar es Salaam, hulala Tanga kwa shemeji, huvuka mpaka kwenda Mombasa. Huko malaria ingalipo. Kinga aliyokuwa nayo mtu aliyekulia katika malaria hupungua akikaa miaka mingi Ulaya, na mtoto aliyezaliwa hapa hakuwa nayo kamwe. Madaktari wa Ulaya wameliona jambo hili kwa muda mrefu: miongoni mwa wanaorudi na malaria kutoka Afrika, sehemu kubwa si watalii, bali ni watu waliokwenda kuwatembelea jamaa zao.

Basi mwoneni daktari wa familia, au kliniki ya wasafiri, wiki sita kabla ya safari. Mwambieni kila mahali mtakapolala, siyo jina la kisiwa peke yake. Akiwapa dawa za kinga, zitumieni mpaka mwisho. Ziko zinazoendelea siku saba baada ya kutoka penye malaria, na ziko zinazoendelea wiki nne. Chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu wakati wa magharibi ni kinga isiyohitaji cheti cha daktari.

Mtakaopitia Uganda, Burundi, Kongo au Kenya kabla ya kufika Zanzibar mtatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hata kama mmesubiri ndege tu kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Chanjo hiyo hapa Ubelgiji hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa tu, na cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Tangu 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kile cha zamani msikitupe.

Mkisharudi Schaerbeek, mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu, msiseme ni mafua ya kubadili hewa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na maneno ya kwanza mnayomwambia daktari yawe haya: “Tumetoka Afrika.” Msingoje aulize; pengine hataulizia. Malaria kali yaweza kumuua mtoto kwa siku chache, na kipimo chake ni tone la damu.

3. Fedha na mizigo

Tangu Machi 2025 bei za bidhaa na huduma nchini Tanzania hutakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Badilisheni fedha benki au katika duka lenye leseni, na mtunze risiti. Noti za dola zilizo kuukuu au za matoleo ya zamani hukataliwa mara nyingi.

Zawadi msizifunge katika mifuko ya plastiki ya dukani. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tumieni vikapu na vitambaa. Ulizeni pia mutuelle yenu inafika wapi. Msaada wake safarini kwa kawaida haufiki Afrika Mashariki.

4. Njia ya baharini

Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Julai na Agosti ni miezi ya kusi: hewa ni ya ubaridi, mvua ni chache, lakini bahari huchafuka. Boti ikijaa kupita kiasi, shukeni, hata kama tiketi imekwisha kukatwa. Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, na Skagit ikazama karibu na Chumbe Julai 2012. Mamia ya watu walipotea. Familia za huko hazijasahau, nasi tusisahau.

5. Adabu

Wafundisheni watoto shikamoo na marahaba kabla ya ndege kuruka. Mji Mkongwe ni mji wa watu wenye dini na staha. Nguo za ufukweni ziishie ufukweni. Mtu asipigwe picha bila ruhusa. Katika mwezi wa Ramadhani hakuna kula wala kuvuta sigara hadharani mchana, na kanuni hii humhusu hata asiyefunga.

6. Kurudi

Watoto wa shule za Kifaransa siku hizi huanza masomo mwishoni mwa Agosti, ilhali wa shule za Kiholanzi huanza tarehe 1 Septemba. Wenye watoto katika shule za namna zote mbili wakate tiketi kwa kuitazama ile inayoanza mapema.

Forodha ya hapa hairuhusu nyama wala maziwa kutoka nje ya Ulaya. Maembe na mapera huhitaji cheti cha afya ya mimea; nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani havihitaji. Viungo vikavu vya matumizi ya jikoni, vilivyofungwa dukani, huwa havina taabu. Makombe, matumbawe na magamba ya kasa yaacheni baharini. Mengi ya hayo yamekatazwa kwa sheria za kimataifa.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hatuwazuii kwenda. Watoto wasiomjua bibi yao wana hasara ambayo shule hailipi. Twaomba tu kwamba mnayemchukua Julai mkampeleka kumbusu bibi yake mkono, mumrudishe Agosti akiwa mzima, na hati zake zikiwa salama.

Tunawatakia safari njema. Hadi mwezi ujao.