Mwalimu Awapo Mbali na Darasa

Tarehe 17 Machi, 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Siku iliyofuata ikawa zamu ya vyuo. Nilisimama mbele ya wanachuo wangu, mizigo yao ikiwa tayari mlangoni, nikawaaga kwa neno moja: "Jisomeeni." Sikuwaambia wasome nini, kwa utaratibu gani, wala kazi yao wamwonyeshe nani. Neno lile limenisumbua tangu siku hiyo, kwa maana ndilo walilopewa pia watoto wengi wa shule za msingi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini neno hilo halikuwa somo, na kupendekeza mambo ambayo mwanachuo anapaswa kujifunza ili asilazimike kulitamka.

Hali ilivyokuwa

Ilipofika Aprili 2020, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya shule. Shule zetu za msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Nchini Kenya baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba 2020 na mengine Januari 2021. Watoto wa Uganda walingoja zaidi. Shule zilizofungwa Machi 2020 zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari, 2022.

Haiwezi kusemwa kwamba watu walikaa bure. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni, na wenzetu wa Kenya walifanya vivyo hivyo. Katika miji, shule zenye uwezo zilifundisha kwa intaneti, mwalimu na wanafunzi wakionana kwenye vioo vya kompyuta na simu. Hata hivyo, Agosti 2020 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakufikiwa na mafunzo yoyote ya mbali, yawe ya redio, televisheni au intaneti.

Tangu hapo mjadala wetu umekuwa juu ya vyombo: kompyuta ngapi, nani ana umeme, nani hana. Mjadala huo ni wa haki, lakini hautoshi. Nionavyo mimi, hata mtoto aliyefikiwa na chombo, mara nyingi hakufikiwa na mwalimu.

Kosa ambalo redio haikuliona

Mwezi Mei mwaka ule, nikiwa kijijini kwetu, nilimkuta mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tano, ameketi kando ya redio ya babu yake akisikiliza kipindi cha hisabati. Sauti ilikuwa safi na maelezo yalikuwa sahihi. Mtangazaji alieleza namna ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, akatoa mfano, akaendelea mbele. Mtoto naye aliandika haraka haraka. Alijumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, yaani kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kipindi kikaisha kwa muziki, naye akafunga daftari ameridhika.

Nilimwuliza swali moja tu: "Ukiwa na nusu, kisha ukaongezewa theluthi, utapata zaidi ya nusu au pungufu?" Akanyamaza, akachora mstatili mchangani, akaugawa. Kisha akasema, "Mwalimu, mbona hii yangu imepungua?"

Kosa lile lingetokea darasani, mwalimu apitaye kati ya madawati angeliona kwa dakika moja. Redio haina macho, wala video haina. Kufundisha si kupeleka maneno kwa mtoto. Ni kupeleka maneno, kupokea alichokifanya mtoto, na kumrudia tena kwa kadiri ya alichokifanya. Hatua mbili za mwisho zikikosekana, lililobaki ni tangazo.

Ushahidi kutoka kwingine

Mwaka 2020 nchini Botswana lilifanyika jaribio lililohusisha kaya zaidi ya 4,500. Baadhi ya wazazi walitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Wengine walipata ujumbe huohuo, na juu yake mwalimu aliwapigia simu, akampa mtoto swali na kumsikiliza akilifanya. Watoto waliopigiwa simu waliendelea vizuri kuliko wenzao ambao hawakupata msaada wowote. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Simu zenyewe zilikuwa za kawaida, wala intaneti haikuhitajika.

Lakini tusiifanye simu kuwa hirizi. Nchini Sierra Leone, katika kipindi hichohicho, jaribio jingine la walimu kuwapigia watoto simu halikupandisha alama zao. Chombo kile kile kinaweza kufaa pale na kisifae hapa. Linalohitaji kupimwa ni kazi ifanyikayo kwa chombo hicho.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walisikiliza redio wakiwa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Baada ya kipindi walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Miaka ya baadaye, vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kule Zanzibar viliacha nafasi baada ya swali ili watoto wajibu, waimbe na kucheza. Waliotangulia walitambua kwamba msikilizaji ni lazima apewe la kufanya, na awepo mtu wa kumtazama akilifanya.

Mwanachuo afanye nini?

Kwanza, ajifunze kuandika karatasi ya kazi inayojitegemea: maelezo mafupi, mfano mmoja uliokamilika, maswali matano yanayopanda ugumu, na swali moja la kutega kosa ambalo watoto hulifanya mara kwa mara. Aijaribu kwa mtoto mmoja huku yeye mwenyewe amenyamaza kabisa. Mtoto akikwama, kosa ni la karatasi.

Pili, wakati wa mazoezi ya kufundisha, ajue mazingira ya wanafunzi wake. Nani ana redio nyumbani? Simu ya baba hurudi saa ngapi? Nani ana kaka au dada wa darasa la juu? Orodha hiyo ikae pamoja na azimio la kazi.

Tatu, kila andalio la somo la mbali lionyeshe njia ya jibu kurudi: daftari litakusanywa siku gani, au nani atapigiwa simu. Asiye na njia hiyo hajamaliza andalio.

Najua mtauliza: mwalimu mwenye wanafunzi 90 atawezaje? Hataweza kumfikia kila mmoja kila siku. Lakini anaweza kuwagawa kwa vitongoji, akasahihisha madaftari ya kitongoji kimoja kila siku, na kumfundisha ndugu mkubwa wa nyumbani kuuliza swali lile moja: "Umepataje?" Tena kwa ugonjwa wa kuambukiza, ndugu wa nyumba moja hawahitaji kukusanyika, wako pamoja tayari. Mtoto asahihishwe mara moja kwa wiki, kuliko kutosahihishwa kwa miezi mitatu.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba Korona imepita na shule zimefunguliwa. Lakini Januari 2024 Zambia iliahirisha kufungua shule kwa sababu ya kipindupindu, na kati ya Aprili na Mei mwaka huohuo Kenya iliahirisha kwa sababu ya mafuriko. Mlango wa darasa utafungwa tena, hapa au pale, na mwalimu atakayekuwapo siku hiyo yumkini ni wewe unayesoma makala haya.

Akiba haiozi. Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, kabla hujamaliza muhula huu andika karatasi moja ya kazi, mpe mtoto wa jirani, kisha keti kimya umtazame. Siku utakapolazimika kuwaaga wanafunzi wako, uwe na neno zaidi ya lile nililokuwa nalo mimi.