Mkanda wa Mbwa Si Kitanzi

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo wengine huenda wakalicheka, yaani kamba tunazowafunga mbwa shingoni. Wenzangu wengi huandika juu ya mitihani na nidhamu. Mimi nataka kuandika juu ya mbwa, maana hapa Kiloleli mbwa si pambo la nyumba. Mchana huenda malishoni na ng'ombe, usiku hulala mlangoni pa zizi kwa ajili ya fisi na wezi. Kwa kazi hiyo yote malipo yake ni ukoko wa ugali na, mara nyingi, kipande cha waya shingoni.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani kuwa nawanyoshea wazee kidole. Nilipokuwa naingia Kidato cha Pili, mwezi wa Januari, nilipewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi. Siku ya kurudi bwenini nilimfunga kamba ya nailoni shingoni, nikaikaza barabara asije akaivua, nikamwagiza mdogo wangu, "Mchana mfunge hapa, usiku mfungulie." Naye alifanya vile vile nilivyomwagiza. Likizo fupi sikwenda nyumbani. Nilipofika mwezi wa Juni nilimkuta mbwa amekuwa mkubwa, nami nikafurahi, wala sikuiona ile kamba. Nilidhani imekatika.

Mama ndiye aliyesema, "Mbwa wako ananuka."

Nikapapasa manyoya ya shingo, kidole changu kikaingia katika unyevu. Kamba ilikuwa chini ya ngozi. Upande mmoja nyama ilikuwa imekwisha kuifunika, na upande wa pili palikuwa na usaha na funza. Tukamwita bwana mifugo, akaja, tukamfunga mbwa mdomo kwa kitambaa, naye akaikata ile kamba kwa mkasi mdogo na kuivuta polepole. Nilitegemea kugombezwa. Hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu: "Lile shati lako la Kidato cha Kwanza, waweza leo kulifunga kifungo cha shingoni?"

Mbwa yule hakufa. Lakini mpaka leo ana pete ya ngozi tupu isiyoota manyoya, na mtu akinyosha mkono kuelekea shingo yake, huonyesha meno. Nitalirudia jambo hili la meno, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Basi, mkanda wa mbwa wafaa uweje? Uwe mpana na laini, wala usiwe waya wala kamba nyembamba, kwa maana kitu chembamba hukata. Mkanda wa begi la shule lililochakaa ni mzuri sana, tena una chuma chake cha kuongezea na kupunguzia. Ukisha kuufunga, ingiza vidole viwili kati ya mkanda na shingo. Visipoingia, umekaza mno. Kwa mbwa mkubwa kipimo hiki chatosha kufanywa mara moja moja. Kwa mtoto wa mbwa hapana budi kufanywa kila wiki, kwani yeye hukua huku mkanda haukui. Fundo liwe lile lisiloteleza. Kitanzi hukazika kila mbwa avutapo, na mbwa aliyeshikwa na hofu huzidi kuvuta. Tena asifungwe karibu na ua au ukuta anaoweza kuuruka, maana akiruka na kamba ikabaki upande wa huku, atajinyonga hali watu wote wako shambani. Kivuli na maji nadhani sina haja ya kuvieleza, ingawa nimewaona mbwa waliofungwa juani bila hata kopo.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya Kizungu. Hata wenzetu huko wana makosa yao. Siku hizi huuzwa mikanda ya umeme ya kufundishia mbwa: kisanduku kidogo chenye ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi, na mwenye mbwa hushika kitufe mkononi. Mbwa akikosea, hubonyeza, naye mbwa hupigwa na umeme shingoni. Ncha zile zikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi hufanya vidonda hata bila umeme. Lakini ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mbwa hajui maumivu yametoka wapi. Ikiwa wakati ule alikuwa anamtazama mtoto apitaye, huenda akadhani mtoto ndiye aliyemwumiza, na kesho atamwuma. Nchi ya Wales iliipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ikatazayo kumtesa mnyama. Kwa maoni yangu waya wetu na kisanduku chao ni ndugu. Tofauti ni betri.

Nilisoma pia kuwa wachungaji wa Uturuki huwavisha mbwa wao mikanda ya chuma yenye miiba. Nilishtuka, hata nilipoelewa kwamba miiba ile hutazama nje, ili mbwa mwitu akija kumkamata mbwa kooni ajichome mwenyewe. Huo ndio mkanda wa mtu anayemthamini mlinzi wake.

Hoja ya wazee naiheshimu. Husema kuwa mbwa asiyebanwa hawi mkali, na mbwa mpole ataliwa na fisi. Lakini naomba kuuliza: twataka mbwa mkali kwa nani? Mbwa wangu ni mkali kwelikweli, ila ukali wake ni kwetu sisi tunaomlisha. Usiku ule mwizi alipokuja kwa jirani, yeye alikuwa amejificha nyuma ya ghala. Mbwa aliyefundishwa kwa kuitwa jina na kupewa tonge la kiporo kila anapokuja hujua sauti ya nyumbani kwake, na kwa hiyo huijua sauti ngeni. Huanzishwa hivi: avishwe mkanda wakati anapokula, kwa muda mfupi, kisha uvuliwe. Siku ya pili hivyo hivyo. Asivutwe mpaka auzoee. Si kazi ya siku moja, lakini haina gharama.

Sasa nirudie meno. Kichaa cha mbwa dalili zake zikisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaoupata ugonjwa huu hapa duniani huupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani hushauri mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ukome. Katika wilaya zinazopakana na Serengeti wataalamu wamechanja mbwa kwa miaka mingi, na katika baadhi ya kampeni mbwa aliyechanjwa alivishwa ukanda wa rangi shingoni uwe alama. Dawa ipo, wataalamu wapo. Lakini mbwa hana budi afike pale penye sindano, na wanaompeleka mara nyingi ni sisi watoto. Siku ya chanjo iliyopita tulikuwa watatu, tukashindwa kumshika mbwa wangu. Mdogo wangu aliumwa mkono. Tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kama tulivyofundishwa, akapelekwa hospitali akachomwa sindano zake. Yeye yu mzima. Mbwa, ambaye ndiye aliyestahili sindano, alirudi nyumbani bila chanjo. Na chanzo cha yote ni fundo nililolifunga mimi mwezi wa Januari.

Naomba mambo mawili tu. Wenzangu wa bweni, kabla ya kupanda gari kurudi shule, fungueni mikanda ya mbwa wenu na kuwaonyesha wadogo zenu kipimo cha vidole viwili. Nanyi walimu wetu, bwana mifugo akialikwa siku moja kabla ya siku ya chanjo kutuonyesha namna ya kumshika mbwa bila kumnyonga, tutakuja hata kama ni Jumamosi.

Mdogo wangu alikuja siku ya wageni mwezi uliopita. Kovu la mkono laonekana kidogo tu. Ameanza kumzoesha mbwa mkanda wa begi langu la zamani, jioni, wakati wa kula. Aliniambia kuwa sasa anakubali kuguswa shingo, ila upande wa kushoto tu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne