Ustahimilivu wa Kiongozi Haukai Kifuani Mwake

Ustahimilivu wa kiongozi kazini ni uwezo wa kuendelea kuongoza vizuri wakati mwajiri, sheria, soko au mitambo ya kazi inabadilika. Semina nyingi za uongozi hufundisha kwamba uwezo huo ni tabia ya mtu. Kiongozi imara, wanasema wakufunzi, ni yule anayemeza machungu, asiyelalamika, anayewahi kufika na kuchelewa kuondoka. Anayeshindwa hakuwa na moyo. Imani hiyo ni potofu, na ina madhara. Ustahimilivu hutegemea zaidi mambo manne yaliyo nje ya kifua cha mtu: mamlaka ya kuamua, akiba, watu wanaoweza kushika nafasi ya kiongozi, na kumbukumbu ya kazi. Wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, kuanzia stesheni ya reli ya Kilosa hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ina ushahidi wa kutosha.

Imani yenyewe imeota mizizi kwa sababu ina methali za kuitetea. “Mvumilivu hula mbivu” ni ushauri mzuri kwa mkulima anayejua msimu unaanza lini na unaisha lini. Haumsaidii meneja asiyejua mwakani mwajiri wake atakuwa nani. Hata utafiti unaotajwa sana katika somo la ustahimilivu hauiungi mkono imani hiyo. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika dhiki kubwa, takriban theluthi moja walikuja kuwa watu wazima wenye maisha mazuri. Hulka ya mtoto ilichangia, lakini jambo lililojitokeza tena na tena ni kwamba watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kuwategemeza, awe bibi, mwalimu au jirani. Semina zimechukua neno “ustahimilivu” na kuwaacha bibi na mwalimu nje ya ukumbi.

Mfano wa kwanza wa Kilosa ni reli. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1975 akiwa na miaka 20 alikuwa mtumishi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika akajikuta chini ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni mpya ya TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49. Migomo ya madai ya mishahara ikafuatana, na miaka michache baadaye Serikali ikairudisha kampuni mikononi mwake. Aliyestaafu mwaka 2015 aliondoka miaka miwili kabla TRL na RAHCO, kampuni ya kusimamia miundombinu ya reli, hazijaunganishwa kuwa TRC mpya. Mkuu wa stesheni aliweza kupitia karibu mabadiliko yote hayo akiwa kwenye meza ileile, na hakuna hata badiliko moja lililosubiri rai yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo awe mstahimilivu ni kumtwisha mzigo ulioamuliwa na wengine, kisha kumpima kwa jinsi anavyoubeba.

Mafuriko yanaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika, ukawaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuzoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Treni ya abiria haikuweza kupita kwa miezi. Kipande hichohicho kimesombwa tena katika misimu mingine ya mvua, kwa sababu zinazojulikana: reli ya zamani inafuata bonde la mto kwa ukaribu mno, na ardhi ya juu, upande wa Mpwapwa na Kongwa, imepoteza miti, hivyo maji hushuka na mchanga mwingi unaoinua kitako cha mto. Mbele ya maji ya namna hiyo, moyo mgumu wa msimamizi wa njia hauna kazi. Kinachookoa ni mataruma na kokoto zilizowekwa karibu kabla ya masika, mafundi wa kutosha, na ruhusa ya kusimamisha treni bila kungoja simu kutoka makao makuu. Reli ya kisasa, SGR, ilipopita milima ya Kilosa ilijengewa mahandaki na madaraja. Wahandisi hawakuiambia reli ivumilie mto. Waliichagulia njia nyingine. Busara hiyo inayotumika kwa vyuma mara nyingi husahaulika linapokuja suala la watu.

Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, wilayani humohumo, yalikuwa yametoa somo hilo mapema. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge; kufikia miaka ya 1990 uzalishaji haukufika tani 40,000. Kamba za plastiki ziliangusha bei duniani, na utaifishaji baada ya Azimio la Arusha ulibadilisha uongozi wa mashamba mengi kwa ghafla. Wanyapara na mameneja waliovumilia kwa miaka hawakuvuna chochote kwa uvumilivu wao, maana soko halikujua kama wanavumilia. Waliofanikiwa kuvuka ni wale waliokuwa na zao lingine au mtaji wa kuanza upya.

Mfano mwingine ni Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilometa za mraba 3,230. Ndani ya miaka michache, karibu na mwaka 2020, uongozi wake ulikabiliwa na mabadiliko matatu. Kwanza, Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilihama kutoka mfumo wa kiraia kwenda jeshi usu. Mkurugenzi mkuu akawa kamishna wa uhifadhi, na wahifadhi wakavaa vyeo vya kijeshi. Pili, Korona iliangusha utalii: nchi iliyopokea watalii wa kimataifa 1,527,230 mwaka 2019 ilipokea 620,867 mwaka 2020. Tatu, kuanzia mwaka wa fedha 2020/21 mapato ya shirika yalianza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali, badala ya kubaki mikononi mwa shirika lenyewe. Kwa maneno mengine, wasimamizi wa hifadhi walipoteza wageni na uhuru wa mfuko kwa wakati mmoja.

Katika hali hiyo, mkuu wa kituo mwenye magari ya doria yanayohitaji mafuta na barabara zinazohitaji kuchongwa baada ya mvua anahitaji jibu la swali moja: je, ana fedha anazoweza kuzitumia leo kwa sahihi yake? Akiwa nazo, mtu wa ujasiri wa kawaida tu ataendesha kituo. Akikosa, hata shujaa atabaki kuandika barua. Nje ya lango mambo yalikuwa hivyohivyo. Kambi au hoteli yenye akiba, au yenye wageni wa ndani wanaotoka Dar es Salaam kwa barabara ya Tanzam, ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupumua kuliko iliyoegemea mawakala wa Ulaya peke yao. Tofauti hiyo haikuhusu moyo wa meneja. Na mwaka 2023 watalii wa kimataifa nchini walipofika 1,808,205, sifa ziliwaendea mameneja waliokuwa bado ofisini, kana kwamba walioondoka walikosa moyo badala ya kukosa mishahara.

Ushahidi wa ajabu kuliko wote umetoka kwa tembo wa Mikumi. Kabla ya biashara ya pembe kupigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, majangili waliwaua tembo wengi wa hifadhi hiyo, hasa wakubwa wenye pembe kubwa. Mwaka 2008 Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, na Samuel Wasser walichapisha utafiti kuhusu tembo jike waliobaki. Walipima homoni za msongo katika kinyesi na uhusiano wa damu ndani ya makundi. Makundi yaliyokosa jike mzee wa kuyaongoza na yasiyo na ndugu wa karibu yalikuwa na msongo mkubwa zaidi na uzazi mdogo zaidi, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Hawa ndio walionusurika. Kwa kipimo cha semina, ndio wastahimilivu. Miili yao ilisema vingine. Kunusurika na kustahimili ni mambo mawili: la kwanza linaweza kuwa bahati ya mmoja, la pili linahitaji kundi lenye kumbukumbu na ndugu. Mtu si tembo, lakini ana nafuu ambayo tembo hana: anaweza kuandika anachokijua kabla hajaondoka. Ofisi inayomfukuza mzoefu bila makabidhiano imeitupa nafuu hiyo kwa hiari yake.

Afya ya wafanyakazi inathibitisha hoja hiyohiyo kwa binadamu. Utafiti wa pili wa Whitehall, uliowafuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza chini ya Michael Marmot, ulionyesha kwamba wenye uwezo mdogo wa kuamua mambo ya kazi yao waliugua maradhi ya moyo zaidi ya waliokuwa na uwezo mkubwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa hali itokanayo na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa. Maelezo hayo yanaelekeza macho mahali pa kazi kwanza, si kwenye hulka ya anayeugua.

Watetezi wa imani ya zamani wana hoja moja yenye uzito: mahali pamoja, kwa mshahara uleule, kiongozi mmoja hutulia na mwingine hupaparika. Ni kweli. Utulivu, ucheshi na uwezo wa kukiri hali ngumu mbele ya wafanyakazi ni vipaji vyenye thamani, na baadhi hufundishika. Lakini vipaji hivyo huzaa matunda pale tu panapokuwa na jambo la kuamua. Mtulivu asiye na mamlaka huishia kuwatuliza wenzake ili wapokee hasara kimya. Ndiyo sababu imani hii inawapendeza waajiri: ni nafuu kulipia semina ya siku mbili kuliko kuongeza wafanyakazi, kutenga akiba au kugawa madaraka. Gharama ya uamuzi wa juu hushushwa ngazi ya kati, kisha hupewa jina la ujasiri.

Kujenga ustahimilivu wa kweli kunaanza na madaraka. Kila kiongozi wa ngazi ya kati apewe kiwango cha fedha na aina za maamuzi asizohitaji kuombea ruhusa, hasa wakati wa dharura. Akiba ifuate: ya fedha kwa msimu mbaya, ya vifaa kabla ya mvua, na ya masoko ili biashara isiegemee chanzo kimoja. Mabadiliko yajadiliwe kabla ya kutekelezwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa taarifa na kufanya mashauriano kwanza, na hakuna sababu ya kuweka adabu hiyo kwa ajili ya siku ya kuachishwa kazi tu. Mwisho, kila nafasi iwe na mtu wa pili anayeijua, na kila kazi iwe na maandishi yanayoeleza jinsi inavyofanyika na kwa nini.

Kipimo cha haya yote hakihitaji mtaalamu. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Kiongozi aende likizo yote, simu akiwa ameizima. Kituo kikiendelea na kazi, taasisi ina ustahimilivu na kiongozi huyo amefanya sehemu yake. Kikikwama, tatizo si kwamba aliyekaimu hakuwa na moyo. Tatizo ni kwamba taasisi ilimfanya mtu mmoja kuwa nguzo, na haikuandaa chochote kwa siku ambayo hatakuwepo.