Anayeonekana kwenye picha naye adai sehemu yake

Goma, Kivu ya Kaskazini – Waliokimbia vita vya CNDP mwaka 2008, kutoka Rutshuru na Masisi mpaka kwenye kambi zilizozunguka Goma, waliona wazungu wengi wenye kamera. Mmoja wa waliokuja Kivu wakati ule hakuwa mwandishi wa habari. Ni Ben Affleck, muigizaji wa Hollywood, aliyekuja kuongoza filamu fupi, Gimme Shelter. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, liliitumia filamu hiyo kutafuta msaada kwa ajili ya wahami wa vita. Filamu ilizunguka dunia. Wahami walibaki chini ya shitingi.

Miaka 14 baadaye mtu huyo huyo alifungua kampuni ya filamu kwao Marekani na kutangaza jambo linalowahusu wahami wa Kivu kuliko wanavyodhani: anayefanya kazi ya picha apate sehemu ya faida ya picha. Neno zuri sana. Kwa nini basi liishie Hollywood?

Affleck, aliyezaliwa mwaka 1972, alianza kama vijana wengi wa michezo ya kuigiza wanavyoanza, akitafuta nafasi kwenye kazi za wengine. Yeye na rafiki yake wa utotoni, Matt Damon, walipoona nafasi nzuri haziji, wakajiandikia filamu yao, Good Will Hunting, iliyotoka mwaka 1997. Mwaka uliofuata ikawapa Oscar ya uandishi. Mtu angesema somo limeingia. Halikuingia. Affleck akarudi kuwa uso wa filamu za watu: Armageddon, Pearl Harbor, magazeti, mapenzi ya mastaa. Mwaka 2003 akacheza Gigli, filamu iliyoanguka vibaya hata jina lake likawa kichekesho. Watazamaji hawakuwa na habari ya nani alitoa pesa. Walimcheka yule waliyemwona.

Mwaka 2007 akahamia upande wa pili wa kamera. Aliongoza Gone Baby Gone, hadithi ya mji wa Boston, karibu na alikokulia, na yeye mwenyewe hakuonekana ndani. Nafasi kubwa alimpa mdogo wake Casey. Ikafuata The Town mwaka 2010, kisha Argo mwaka 2012. Argo ilishinda Oscar ya filamu bora, naye akapanda jukwaani kuipokea kama mmoja wa watayarishaji, ingawa hakuwa hata amewekwa kwenye orodha ya waongozaji waliopendekezwa. Anayejua biashara hii anaelewa: tuzo ya filamu bora hukabidhiwa watayarishaji. Muigizaji hupiga makofi akiwa kwenye kiti.

Novemba 2022 akafika ngazi ya tatu. Yeye na Damon wakaanzisha Artists Equity, Affleck akiwa mkurugenzi mkuu, na kampuni ya uwekezaji ya RedBird ikaahidi angalau dola milioni 100. Walichotangaza ni kwamba faida haitaishia kwa mastaa na wenye mitaji. Mshika kamera, mhariri, mshona mavazi, nao wahesabiwe.

Filamu ya kwanza ya kampuni hiyo, Air, ya mwaka 2023, aliiongoza mwenyewe, na ndiyo inayopaswa kuonyeshwa katika kila kambi yenye jenereta. Inasimulia jinsi kampuni ya viatu ya Nike ilivyomtafuta Michael Jordan mwaka 1984, alipokuwa bado kijana. Wanaotafuta mpira ndani yake watakuta kidogo. Kilele chake ni mama wa kijana, Deloris, akichezwa na Viola Davis, anapoongea kwenye simu na kuiambia kampuni kwamba mwanawe atapata pesa kwa kila kiatu kitakachouzwa chenye jina lake. Anaambiwa mambo hayo hayafanyiki katika biashara. Mama harudi nyuma. Mwisho kampuni inakubali.

Sasa mpeleke mama yule Bulengo.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2022, vita vya M23 vilipojaza watu Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, magari yenye bendera za ma-ONG hayakukoma kuingia. Mtoto mwenye bidoni la njano alipigwa picha. Mama aliyeshika jetoni ya unga alipigwa picha. Msichana aliyebakwa akienda kutafuta kuni aliombwa asimulie, kisha asimulie tena, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikuingia vizuri. Picha hizo zilienda kwenye ripoti, kwenye mabango, kwenye intaneti. Mwenye kamera alikuwa kazini, analipwa. Dereva vilevile. Mkalimani alipewa pesa yake ya siku. Aliyetoa uso, jina na machozi aliambiwa: "Asante, mama."

Affleck mwenyewe hastahili kutukanwa kwa hayo. Mwaka 2010 alianzisha Eastern Congo Initiative, shirika linalosaidia vyama vya wenyeji pamoja na wakulima wa kahawa na kakao, na alikwenda mbele ya kamati za Bunge la Marekani mwaka 2011, 2012 na tena 2014 kusemea mashariki ya Kongo. Kuna waheshimiwa wanaoonekana huku wakati wa kampeni tu. Lakini ndiyo maana yeye ndiye wa kuulizwa, maana anajua. Mtu aliyetumia miaka mingi kutoka kwenye kuonekana mpaka kwenye kumiliki hawezi kusema haelewi tofauti. Kama mshona mavazi wa Hollywood anahesabiwa, mama ambaye maisha yake ndiyo hadithi yenyewe ahesabiwe vipi?

Kuna jibu linalotolewa sana, hasa na wenye jile: msaada wenyewe ndio malipo. Jibu hilo ni baya. Mhami ana haki ya kupewa unga hata akikataa kupigwa picha, na anayemfanya aamini vinginevyo anafanya biashara ya njaa. Halafu kuna hatari ambayo unga hauilipi. Uso wa msichana yule ukishaingia kwenye intaneti, unaonwa na aliyembaka, unaonwa na wakwe zake, unaonwa na watu wa kijiji atakachorudi siku moja. Kibali alichotia kidole gumba kiliandikwa kwa Kifaransa. Je, nani alimsomea?

Wengine wanasema pesa zikitajwa, watu wataanza kutunga uongo ili wapigwe picha. Hoja hii ina uzito kwa habari, na mwandishi wa habari hanunui ushahidi. Lakini bango la kuchangisha si habari. Filamu ya shirika yenye muziki wa huzuni si habari. Hiyo ni kazi ya picha, ina bajeti, na katika bajeti ile kila mtu ana mstari wake isipokuwa anayeonekana.

Lawama nyingine ibaki Goma. Vikundi vya michezo na wachekeshaji wa mji huu wamezoea kukodishwa. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, walicheza sokoni, shuleni na kwenye vituo vya kunawa mikono, wakati watu walikuwa bado wanawarushia mawe wauguzi. Kazi ya hatari, na iliokoa watu. Lakini kwa kawaida muigizaji alirudi nyumbani na tisheti na pesa ya usafiri, na video ikabaki na nembo ya mfadhili. Leo akitaka kuonyesha kazi yake mwenyewe, hana nakala. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na inagusa pia haki za waigizaji. Mkuu wa kikundi asiyeuliza mkataba anawauza vijana wake kwa bei ya soda.

Mtu asiseme haiwezekani. Yole!Africa imefundisha vijana wa Goma kushika kamera tangu miaka zaidi ya 20 iliyopita. Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, alitengeneza En route pour le milliard, filamu ya walionusurika na vita vya siku sita vya mwaka 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda. Wengine wamekatwa miguu. Wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia, na wenyewe wanapanda jukwaani kucheza yaliyowapata. Cannes iliichagua mwaka 2020, mwaka ambao Korona ilizuia tamasha lenyewe kufanyika. Pale hakuna anayebembeleza huruma. Watu wanadai, kwa midomo yao, na aliyeshika kamera ni mtoto wa mji wao.

Kamera zitarudi, maana vita havijaisha na wafadhili wanataka kuona. Zikija, mwenye jile aulizwe mbele ya kamati ya wahami, kwa Kiswahili, kabla hajafungua mfuko: picha inaenda wapi, itakaa huko muda gani, nakala itabaki na nani, na kijana gani wa hapa atashika kamera ya pili kwa mshahara. Asiye na jibu arudishe kamera kwenye gari, agawe alicholeta, aende zake.