Kamera na Mikono ya Mwanamke

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kuwa utamaduni wa taifa ni ngoma, vazi na kibuyu basi, na kwamba mpiga picha anayeielekeza kamera yake kwenye jasho la mwanamke maskini anaiaibisha nchi. Hoja hiyo tunaipinga.

Mwaka 1992 mtengenezaji filamu wa Kitanzania, Flora M'mbugu-Schelling, alitoa filamu iitwayo These Hands, yaani Mikono Hii. Humo wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wanavunja mawe kuwa kokoto huko Kunduchi, Dar es Salaam. Kwa dakika 45 hakuna msimulizi wa kutuelekeza tuwaze nini. Nyundo inagonga, jiwe kubwa linakuwa dogo, dogo linakuwa dogo zaidi, na mtazamaji mwenye haraka huanza kuhangaika kitini. Na ahangaike! Yeye ana mlango wa kutokea.

Tunaikumbusha kazi hiyo kwa kuwa nyundo kama ile inalia hadi leo katika ukanda wetu wa dhahabu. Nenda Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita. Katika machimbo madogo mengi mwanamke amezuiwa kushuka shimoni, kwa imani kwamba akishuka dhahabu itapotea. Lakini mwamba ukishatolewa, imani hiyo haimzuii kuuponda, kuutwanga, kuuosha, wala kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Huo nao ni utamaduni, tena wenye sheria zake, nyimbo zake na dhuluma yake. Hata hivyo, tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, picha tunazoonyeshwa mara nyingi ni za mitambo na wageni rasmi wenye kofia ngumu.

Shinyanga nako kamera zilikuja, ila zilikuja kumtafuta mchawi. Mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino ni uovu wa kweli, wala hatusemi ufichwe. Tunachosema ni kwamba jicho jekundu la bibi kizee lina historia. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata ikalazimu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uanzishwe mwaka 1986 ili miti irudi. Katika uhaba huo wa kuni mwanamke alipikia samadi kavu na mabua, miaka nenda miaka rudi, na moshi ukamwumiza macho. Kisha akaitwa mchawi kwa macho hayo hayo. Mpiga picha anayefika asubuhi na kuondoka jioni hulipata jicho, moshi haupati.

Tutaambiwa kuwa filamu za namna hii huuza umaskini wetu ng'ambo. Hatari hiyo ipo, na dawa yake si kuifunika kamera. Filamu ya Kunduchi ilipata msambazaji Marekani. Sisi tunadai kwamba filamu zitakazopigwa Rwamagasa zionyeshwe kwanza Rwamagasa, zikiwa na Kisukuma chake, mbele ya wanawake waliomo ndani yake, nao wapewe haki ya kusema kipi kikatwe. Maafisa utamaduni wa mikoa hii miwili wanaweza kuanza na shuka jeupe na jenereta, siku ya gulio, jua likishazama.