Jina la Mfanya Kazi Lisiachwe Getini



Siku hizi yako mazungumzo mengi juu ya kitambulisho kipya cha Serikali, kile kiitwacho kadi ya Maisha, chenye chipu ndani yake. Wengine wakisifu, wengine wakiogopa. Sisi wafanya kazi wa reli tunaotoka pande za Magunga, katika vilima vya Gwassi na ufuko wa ziwa, tumelizungumza jambo hili kambini na safarini, nasi twataka kutoa maoni yetu katika karatasi hii. Maoni yetu ni haya: kadi imara ni jambo jema, na mfanya kazi asiikatae. Lakini kadi peke yake haitamzuia mwizi wa majina, kwa kuwa mara nyingi mwizi huyu hana haja ya kughushi kadi. Yeye hutumia nambari yetu ambayo tumeiacha kila mahali. Kwa hiyo chama chetu kisingoje Serikali tu. Kiwadai waajiri namna mpya ya kukagua na kutunza vitambulisho vyetu.

Tuanze na mambo ya zamani, maana wazee wetu walikijua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, tajiri wake na mshahara wake, akaibeba shingoni katika kikopo cha chuma. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, ilikuwa taabu kubwa mtu kupata kazi kwingine. Aliyeonekana bila kipande alitozwa faini au kufungwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi. Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha wanaume wa rangi zote, na mwaka 1978 sheria ilibadilishwa ili wanawake nao waandikishwe.

Hatuyasemi haya ili kufufua uchungu. Twayasema kwa sababu kipande kilimlinda tajiri asikimbiwe na mfanya kazi. Hakikumlinda mwenye jina. Basi juu ya kadi yo yote ya Serikali, iwe ya zamani au ya sasa, mfanya kazi aulize swali moja: kadi hii yamlinda nani?

Sasa tutazame jinsi jina linavyoibiwa. Mtu akiingia katika jumba kubwa la mjini, mlinzi humwambia aandike katika daftari jina lake, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Daftari liko wazi mezani. Anayefuata ayasoma yote ya aliyetangulia. Mtu akiomba kibarua, atoa nakala ya kitambulisho. Akipanga chumba, atoa nakala. Akijiunga na chama cha akiba, atoa nakala. Akienda kwenye duka la kupiga chapa, karani hutoa nakala mbili, moja ikiharibika huitupa kapuni, na jioni yafungiwa maandazi. Mwisho wa mwaka nambari ya mtu mmoja imelala katika madaftari ishirini, naye hamjui hata mmoja anayeyatunza.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa benki ya maskini. Tangu mikopo ya simu ilipoingia, simu imekuwa pia mkopeshaji. Mwizi akipata jina, nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, aweza kujaribu kuandikisha laini kwa jina la mwingine na kukopa juu yake. Au ajifanya mwenye simu, adai kwamba laini yake imepotea, apewa laini mpya yenye nambari ile ile. Laini ya mwenyewe yazima ghafula. Yeye adhani ni mtandao umepotea, kumbe fedha zake zinatolewa.

Ndugu yetu mmoja wa kwetu, kibarua wa njia kwa miaka kadhaa, aliitwa ili apewe kazi ya kudumu. Akaambiwa alete barua ya CRB kuonyesha kwamba hana deni. Akaenda kuitafuta, akakuta deni la mkopo ambao hakuukopa, kwa laini ambayo hakuwahi kuishika. Mkopeshaji alimtuma kwa kampuni ya simu, kampuni ya simu ikamtuma polisi, polisi wakamrudisha kwa mkopeshaji. Kila safari ni nauli, na kila siku ya safari ni siku isiyolipwa. Deni lilipokuja kufutwa, nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Yeye hakupoteza kadi yake hata siku moja. Ilikuwa mfukoni mwake wakati wote.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya wasiojua kusoma. Mwezi wa Juni mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipofungua njia ya watu kujitazama katika mtandao wa eCitizen, Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kuviomba. Walikuwamo wasomi na watu wa ofisi kubwa. Majina na nambari zao za vitambulisho zilitumiwa bila wao kuulizwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nambari ya kitambulisho si siri, wala haiwezi kuwa siri, kwa maana twaisema kila siku mbele ya kila mtu. Lakini maofisi mengi huifanya kuwa ufunguo: ukiijua, basi wewe ndiwe mwenyewe. Ni kama mtu kuandika jina lake mlangoni, kisha aseme kwamba ye yote ajuaye kulisoma jina hilo afunguliwe mlango.

Sisi wa reli tunajua zaidi ya hapo. Katika njia moja inayopitisha treni za kwenda na za kurudi, dereva haondoki stesheni kwa kusema tu nambari ya treni yake. Sharti apate kibali cha njia, na kibali hicho ni cha treni moja, kwa kipande kimoja cha njia, kwa safari moja. Cha jana hakifai leo. Stesheni masta akiruhusu treni kwa maneno ya mtu asiyemjua katika simu, watu watakufa. Kwa nini basi jina la mtu liruhusiwe kukopa fedha kwa maneno ya simu tu?

Waliosoma shule za misheni wanakumbuka habari ya Isaka aliyekuwa haoni. Yakobo alivikwa ngozi za mbuzi mikononi ili aonekane kuwa ndugu yake Esau, apate baraka isiyo yake. Isaka aliitilia shaka sauti, lakini akaipapasa mikono, akaridhika. Kosa halikuwa kukosa kukagua. Alikagua, ila alikiamini kipimo ambacho mdanganyifu alikuwa amekwisha kukitengeneza. Hata sisi tunaosimama kwenye milango ya treni ya abiria tujiulize: tukishika kitambulisho cha abiria, twatazama uso wake, au twatazama tu kwamba nambari ni sawa na ya tikiti?

Tuje kwenye kadi mpya. Mwaka 2019 Serikali iliandikisha watu zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukua habari za DNA na za mahali mtu anapokaa kwa vipimo vya setilaiti, ikataka kuwe na kanuni zilizo kamili kabla ya kazi kuendelea. Mwezi wa Oktoba 2021 ikasema kwamba kutolewa kwa kadi zile kulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu hatari kwa habari za watu hazikupimwa kwanza. Baadaye ikaja kadi ya Maisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mahakama iliisimamisha kwa muda, ikaachilia mwaka 2024, ikasimamishwa tena katikati ya mwaka huo, kisha ikaruhusiwa kuendelea.

Wako wanaosema kwamba kesi hizi ni za kuchelewesha maendeleo. Sisi hatusemi hivyo. Kipande hakikupimwa na mahakama kwa faida ya mwenye kukibeba. Kadi ya leo ikipimwa ni faida yetu.

Chipu ina kazi yake. Kadi ya zamani ni karatasi yenye picha na alama ya kidole iliyofunikwa kwa plastiki, na mtu hodari aweza kuigeza. Chipu ni vigumu zaidi kuigeza, na mashine yaweza kuisoma na kulinganisha habari zake na mtu aliye mbele yake. Lakini ndugu, kama karani hana mashine, na akaichukua kadi hiyo yenye chipu akaitoa nakala kama ile ya zamani, chipu imelala usingizi. Nakala ya kadi mpya ni karatasi tu.

Wala tusidhani kwamba kadi hizi hazina kasoro. Nchi ya Estonia husifiwa sana kwa vitambulisho vyake, lakini mwaka 2017 ilionekana kasoro katika chipu za kadi kama 750,000, na Serikali yao ikalazimika kuzuia matumizi yake ya mtandao mpaka zirekebishwe. Na hapa kwetu, mwezi wa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, shughuli nyingi zikakwama, na hata kukata tikiti za treni kukapata shida. Kwa hiyo mahali pote panapotaka kadi ya mashine pawe pia na njia ya pili ya halali kwa siku mashine inapokufa, ili mfanya kazi asinyimwe mshahara wala matibabu.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema habari za mtu zichukuliwe kwa kazi inayojulikana, zisizidi haja, na mwenyewe ana haki ya kuuliza zimetumiwaje na kutaka zirekebishwe. Habari zikivuja na kuwatia watu hatarini, mwenye kuzitunza sharti amwarifu Kamishna wa Data kwa saa 72. Mwaka 2023 Kamishna alitoza faini shule, baa na mkopeshaji wa simu, kwa hiyo si maneno ya karatasi tu. Lakini sheria haiendi yenyewe hadi kwenye kambi ya wafanya kazi wa njia. Sharti chama kiipeleke.

Basi twapendekeza mambo haya yaingizwe katika mapatano yetu na waajiri:

Kwanza, mwajiri, msimamizi au mwenye nyumba ya kazi asizuie kitambulisho cha mfanya kazi, hata kwa siku moja. Atazame, arudishe.

Pili, panapotosha kutazama, nakala isitolewe. Panapolazimu nakala, iandikwe katikati yake ni ya kazi gani na tarehe gani, kama kibali cha njia kinavyoandikwa safari yake. Ifungiwe, na ajulikane mwenye ufunguo.

Tatu, madaftari ya wazi getini yaondolewe. Mfanya kazi ana kadi ya kazi. Hiyo yatosha kumpitisha.

Nne, aliyepoteza kitambulisho au anayetakiwa kubadili apewe siku ya kwenda kukishughulikia bila kukatwa mshahara. Mtu wa Magunga akiwa kazini Nairobi au Kisumu, na karatasi zake nyingine ziko nyumbani, hawezi kumaliza jambo hili katika saa ya chakula cha mchana.

Tano, mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya deni analolikana, mpaka uchunguzi umalizike. Nafasi yake ingoje. Na kila tawi liwe na mtu mmoja wa kumsaidia kupata hati ya polisi, kuandika kwa mkopeshaji, na kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Kila mwanachama apige *106# katika simu yake, atazame ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, aende kwa kampuni ya simu mapema. Asimtajie mtu nambari ya siri, hata akisema anapiga kutoka ofisi kubwa. Asimwazime ndugu kitambulisho kwa ajili ya laini au mkopo, maana upendo huo huzaa kesi. Na tuwafundishe wazee wetu nyumbani, wanaompa kijana wa dukani simu na kadi pamoja ili awasaidie kutoa pesa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kadi ya chipu na ije, na itolewe kwa watu wote bila upendeleo wala magendo. Lakini iwe ya kumlinda mwenye jina. Tawi lo lote linalokubaliana nasi au linalotupinga lijadili maneno haya, kisha lilete neno lake katika mkutano ujao, ili chama kiende mbele ya waajiri kwa sauti moja.