Lango la intaneti lisiwe la tajiri mmoja

Mwaka 2005, nikijiandaa kurudi nyumbani, nilikaa saa nzima mbele ya kompyuta ya kukodi nikijaza fomu ya ofisi moja. Kila nilipobonyeza kutuma, ukurasa uliganda. Mwenye duka akanicheka: "Ndugu yangu, fungua kwa ile 'e' ya buluu." Nikafungua, fomu ikapita, nami nikalipa saa mbili.

Ile 'e' ilikuwa Internet Explorer ya Microsoft. Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kilitengenezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa teknolojia hiyo ni ya watu wote, bila ada. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kikatoa Mosaic, iliyoonyesha picha na maandishi pamoja. Marc Andreessen, mmoja wa walioiunda, akashiriki kuanzisha kampuni ya Netscape, ambayo kivinjari chake cha mwaka 1994 kiliteka soko.

Microsoft iliingia mwaka 1995. Ikakigawa chake bure na kukifunga ndani ya Windows, hivyo mnunuzi wa kompyuta akakikuta tayari. Wafanyabiashara mnaijua mbinu hii: tajiri mwenye soko anagawa bure, tena mlangoni, bidhaa ile ile unayouza wewe.

Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, lakini serikali ya Marekani haikumpisha. Ilishtaki mwaka 1998, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikakubali kuwa Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, ingawa ilitengua amri ya kuigawa kampuni hiyo. Netscape ilikwishauzwa. Hata hivyo, mwaka 1998 ilikuwa imeuweka wazi msimbo wa programu yake, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Firefox mwaka 2004. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022.

Leo simu nyingi za Android huja na Chrome ya Google ndani, na wengi hatuulizi kama kuna nyingine. Kwa hiyo naziomba ofisi zetu za mipakani: kila fomu mnayoweka kwenye intaneti ifunguke kwa kivinjari chochote, hata kwa simu ya bei ndogo. Mama mwenye matenga ya nyanya yanayoanza kuoza hana saa ya pili ya kulipia.